Ukurasa Mwepesi Uliopanda Ufipa

Waya wa kwanza wa telegrafu kupita pembezoni mwa Ufipa haukuwekwa kwa ajili ya Wafipa. Cecil Rhodes alitaka mawasiliano yatoke Cape hadi Cairo kwa waya mmoja, na mwaka 1899 alikwenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm II ruhusa ya kuupitisha katika ardhi ya Wajerumani. Ruhusa akaipata. Waya ukatoka Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, ukapita Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya sasa, ukafuata mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ukaishia hapo. Rhodes alifariki Machi 1902, na Cairo haikufikiwa.

Tamaa ya Rhodes tuiache. Kinachonivutia ni kile kilichopita ndani ya waya ule. Kampuni ilikuwa ya Waingereza na ardhi ilikuwa ya Wajerumani, lakini karani wa Abercorn alipogonga herufi, karani wa Ujiji aliipata herufi ileile. Nchi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kukubaliana mjini Paris mwaka 1865 kutumia alfabeti moja ya Morse. Wamarekani waliendelea na Morse yao ya zamani kwenye nyaya za nchi kavu. Makubaliano yalitangulia, mashine zikafuata. Karibu miaka mia moja baadaye, ukurasa wa tovuti ulipopanda nyanda za juu za Ufipa, mpango huo ulikuwa umepinduka. Mashine zilifika kwanza, zikiwa hazielewani, na makubaliano yakaja nyuma yakichechemea.

Mkoa wa Rukwa, ambamo Ufipa imo, ulizaliwa mwaka 1974, Sumbawanga ikimegwa kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Hazina kwenda kombo na kula fedha nyingi. Marufuku hiyo ililegezwa kidogokidogo katika miaka ya 1980. Ofisi za mkoa huu mchanga zikakulia kwenye taipureta, kabonipepa na redio koli, na barua ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya kilometa 1,100 za barabara mbele yake, nyingi zikiwa za vumbi.

Wakati huo huko Geneva, kwenye maabara ya fizikia ya CERN, Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika mwaka 1989 pendekezo lililozaa wavuti. Ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1991, mazungumzo kati ya kivinjari na seva yalikuwa mafupi kupita kiasi. Kivinjari kilituma mstari mmoja wa kuomba ukurasa, seva ikamwaga maandishi ya HTML, waya ukakatwa. Hakukuwa na haja ya seva kutamka inatuma nini, kwa sababu kitu cha kutuma kilikuwa kimoja tu.

Picha na sauti zilipotaka kupita njia hiyohiyo, dawa ilitoka kwenye barua pepe. Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Bellcore, aliwatumia wenzake barua pepe iliyobeba picha na wimbo wa kundi lake la waimbaji wanne. Yeye na Ned Freed walikuwa wakiandika kanuni iliyokuja kuitwa MIME, na Juni 1992 ilichapishwa. Shabaha yake ni nyepesi: kila kitu kinachosafiri kitangulize tamko la aina yake. Maandishi matupu yaseme text/plain, picha iseme image/gif, ukurasa useme text/html. Wavuti iliazima kanuni hiyo, na HTTP 1.0 ilipoandikwa rasmi Mei 1996, mstari wa Content-Type ulikuwa umekwisha kuwa desturi. Tangu hapo kivinjari hakitakiwi kutazama jina la faili wala mwisho wake. Kinatakiwa kuisikiliza seva.

Mtu wa Sumbawanga atalielewa hili haraka, maana mji wake ni kanda ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na msimu wa mahindi magunia hufika hapo kwa maelfu. Gunia unaweza kuiamini lebo yake. Unaweza pia kutoiamini, ukalichoma bambo, ukatazama punje chache kiganjani na kuamua mwenyewe. Vivinjari vilipewa lebo, lakini vikachagua bambo. Historia yote ya miaka thelathini iliyofuata imo katika uchaguzi huo.

Sababu yake ilikuwa ushindani. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa Mosaic, kivinjari kilichoweza kuonyesha picha katikati ya maandishi. Andreessen akaenda kuanzisha Netscape, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 1994. Ndani ya msimbo kivinjari hicho kiliitwa Mozilla, na ndivyo kilivyojitambulisha kwa kila seva. Kilipoleta uwezo wa kugawa ukurasa vipande, wenye tovuti wakaanza kupanga seva zao hivi: akija Mozilla mpe ukurasa mzuri, akija mwingine mpe ule wa hovyo. Microsoft ilileta Internet Explorer Agosti 1995, na kivinjari chake kilipoweza kugawa ukurasa vilevile, kikajikuta bado kinapewa makombo kwa sababu jina lake halikuwa Mozilla. Ikajiita Mozilla. Kwenye mabano ikaongeza kwamba inaafikiana, kisha ndipo ikataja jina lake la kweli. Waliofuata wakaiga. Safari, kivinjari cha Apple cha mwaka 2003, ilijiita Mozilla inayofanana na Gecko, injini ya Mozilla, na Chrome ya mwaka 2008 ikabeba majina yote hayo pamoja na la Safari. Chukua simujanja yoyote pale stendi ya mabasi Sumbawanga, fungua tovuti ya halmashauri, na seva itaambiwa kwamba mgeni wake ni Mozilla/5.0. Netscape yenyewe ilizikwa zamani.

Upande wa seva nao haukuwa na adabu. Seva ya Apache, iliyokuwa imeenea kuliko zote, ilipokutana na faili isiyoijua iliipa lebo ya text/plain, yaani ilidanganya kwa upole. Wasimamizi wengi hawakuwahi kufungua orodha ya aina za faili kuirekebisha. Internet Explorer ikaona afadhali ipuuze lebo, ichungulie baiti 256 za mwanzo za faili na kujiamulia. Wateja walifurahi, kwa sababu kurasa zilizokosewa zilifunguka. Wasimamizi wakaona zinafunguka, wakaacha kurekebisha. Gharama yake ilionekana baadaye: mhalifu aliweza kupandisha picha iliyofichwa amri za HTML ndani yake, seva ikasema kwa uaminifu kwamba hii ni picha, kivinjari kikachoma bambo, kikakuta HTML, kikaitekeleza. Mwaka 2008 Microsoft wenyewe walileta mstari wa kumzuia mtoto wao, X-Content-Type-Options: nosniff, unaokiambia kivinjari kiamini lebo na kiache kuchungulia.

Tanzania iliingia kwenye ugomvi huu ukiwa umepamba moto. Kikoa cha .tz kilisajiliwa mwaka 1995, na watoa huduma wa kwanza wakafungua Dar es Salaam katikati ya muongo huo. Mikoani intaneti ilikuja kwa kafe: kompyuta chache, muda unalipiwa kwa dakika, laini ya simu au dishi la setilaiti. Sumbawanga ilikuwa na ugumu wake wa ziada, kwa kuwa haikuwa kwenye gridi ya taifa na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Zambia. Nchi nzima kompyuta nyingi za kafe zilikuwa za Windows XP, na kivinjari kilikuwa Internet Explorer 6, kile cha mwaka 2001, ambacho Microsoft ilikiacha bila mrithi hadi 2006. Tovuti nyingi za wakati huo zilibandika kibao cha kusema zinaonekana vizuri kwa kivinjari fulani na upana fulani wa kioo. Kwa mteja anayelipa kwa dakika, kibao kile kilikuwa sawa na kuambiwa arudi na kompyuta nyingine.

Lugha yetu ilidhaniwa imepona katika vita hivi. Kiswahili hakina herufi zenye vichwa wala mikia, kwa hiyo ukurasa wake ulisomeka popote hata seva iliposahau kutaja usimbaji wa herufi. Kasoro ni alama moja tu, ile ya kwenye ng'. Programu ya Word ina tabia ya kuibadili alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo katika herufi 128 za ASCII. Katika UTF-8, usimbaji ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, alama hiyo huchukua baiti tatu. Seva isiposema charset=utf-8, kivinjari kinachodhani kinasoma usimbaji wa Windows huzigeuza baiti hizo tatu kuwa vidudu vitatu, na tangazo la mnada likasomeka "ngâ€™ombe". Kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako mifugo ni mingi, si kosa dogo. Kwa jedwali la chanjo ya ng'ombe, vidudu hivyo hujirudia kila mstari. Dawa yake ni neno moja baada ya text/html, nalo ndilo lililosahauliwa kuliko yote.

Kisha simu zikaja, na hapa ndipo Ufipa ilipoingia kwenye wavuti kwa miguu yake yenyewe.

Simu za kwanza zenye intaneti hazikusoma HTML. Zilisoma WML, lugha ya mfumo wa WAP ulioanza mwaka 1998, yenye lebo yake text/vnd.wap.wml. Simu hizo hazikuwa na bambo. Seva ikitamka lebo nyingine, simu ilikataa moja kwa moja, ikaandika kwamba aina hii haitambuliki. Hata programu ndogo za Java zilihitaji lebo sahihi. Faili ya maelezo yenye mwisho wa .jad ilitakiwa kufika ikiwa na text/vnd.sun.j2me.app-descriptor, na seva isiyolijua jina hilo refu ilimfanya mteja aone mistari ya maandishi badala ya programu kujisakinisha. Vijana wa mitaani hawakujua chanzo, walijua tu kwamba mchezo kutoka tovuti hii unaingia na kutoka ile hauingii. Wengi wakaishia kurushiana kwa bluetooth.

Iliyolitatua tatizo hilo kwa wingi ilikuwa kampuni ya Norway. Januari 2006 Opera ilitoa Opera Mini kwa dunia nzima. Siri yake ni kwamba simu haikusoma ukurasa kabisa. Ombi lilikwenda kwenye seva za Opera, seva hizo zikauchukua ukurasa, zikaupanga, zikabana picha, kisha zikaitumia simu kifurushi kidogo cha aina ya Opera wenyewe. Kampuni ilitaja upungufu wa data hadi asilimia 90. Kwa mtu wa Matai au Laela mwenye simu ya vitufe na vocha ndogo, hiyo ilikuwa tofauti ya kuwa na intaneti na kutokuwa nayo. Seva ileile ilimfanyia pia kazi ambayo simu yake isingeiweza: kupatana na tovuti zilizofungwa kwa HTTPS za kisasa. Kompyuta ya XP yenye Internet Explorer haiwezi kufungua nyingi ya tovuti hizo leo, kwa kuwa haijui TLS 1.2, kanuni ya usalama ambayo tovuti hizo huitaka. Kasoro ya Opera Mini ilikuwa kwenye JavaScript. Amri zilitekelezwa kwa muda mfupi kwenye seva, kisha ukurasa ukaganda, hivyo picha zinazopishana zilisimama.

Huko kwa wakubwa, wataalamu wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, walikuwa wanajaribu kurudisha nidhamu. Januari 2000 walitoa XHTML, HTML iliyonyooshwa kwa kanuni kali, na miaka miwili baadaye ikapata lebo yake, application/xhtml+xml. Ukurasa ukiwa na lebo hiyo na kosa moja tu la tagi, Firefox ilikataa kuuonyesha, ikatoa ujumbe wa kosa. Internet Explorer ilifanya jambo la ajabu zaidi: haikuijua lebo, ikamwuliza mtumiaji kama anataka kuupakua ukurasa. Ilichukua hadi toleo la tisa, mwaka 2011, kuikubali. Waandishi wa kurasa wakajitetea kwa kuandika XHTML na kuitumia kwa lebo ya text/html, na kivinjari kikaisoma kama HTML yenye makosa madogomadogo. Apple, Mozilla na Opera walichoka mapema. Mwaka 2004 waliunda kundi lao la WHATWG na kuanza kuandika kanuni inayoeleza, hatua kwa hatua, kivinjari kifanye nini kikikuta kosa. Matunda yake ni HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014. Mimi nawaona WHATWG walikuwa na haki. Msomaji hana kosa. Ukurasa mbovu usimwadhibu yeye.

Katikati ya misukosuko hiyo kulikuwa na kurasa za Kitanzania ambazo hazikuguswa na lolote, nazo nazihesabu kuwa bora kuliko zote zilizotengenezwa na taasisi ya umma nchini. Wabunifu wa tovuti watanicheka. Ni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Kabla ya intaneti, matokeo ya kidato cha nne yalikwenda shuleni kwa karatasi, na magazeti yakachapa sehemu yake. Familia ya Namanyere au Kipili ilisubiri basi lilete gazeti au mtu aliyepita Sumbawanga mjini. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipata lami katika miaka ya 2010 tu, na masika, ambayo ndiyo majira ya matokeo, hayakuwa rafiki wa basi lolote. NECTA ilipoanza kuweka matokeo kwenye wavuti, haikujenga mfumo wa kisasa. Iliweka faili za HTML zilizotemwa na programu yake, kila moja ikiwa na mwisho wa .htm, herufi tatu za enzi za DOS. Juu kuna orodha ya shule kwa namba za vituo. Unabonyeza Kantalamba, Mazwi au Kaengesa, linafunguka jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, alama za kila somo. Rangi ya nyuma ni ya samawati, na herufi ni kubwa kama za taipureta. Hakuna JavaScript, hakuna picha zinazopishana.

Kwa hiyo hakukuwa na cha kuharibika. Seva ilisema text/html na ilichotuma kilikuwa HTML. Internet Explorer 6 ya kafe ilikifungua, Opera Mini ya kitochi chenye Java ilikipanga kwa safu moja, na simujanja ya leo inakifungua vilevile. Na kwa kuwa ni faili tupu, zisizohitaji hifadhidata nyuma yake, ziliweza kunakiliwa na kuwekwa kwenye anwani nyingine siku watahiniwa wa nchi nzima wanapogonga mlango kwa pamoja. Shirika la TETEA limehifadhi nakala za matokeo ya miaka mingi kwenye maktaba yake, na zinasomeka. Nani anaweza kusema hivyo kuhusu tovuti zilizojengwa kwa Flash, ambazo tangu Desemba 2020, Adobe ilipoiacha, hazifunguki tena kwenye vivinjari?

Waya wa kweli ulikuja pia. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza kuelekea mikoani. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012 na kugeuzwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Machi 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani, zilizinduliwa kwa mpigo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185. Rukwa ikapata yake, pamoja na Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Nkasi na Kalambo, zote kwa umbo moja: picha zinazopishana juu, habari katikati, matangazo pembeni. Lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kalambo aliweza kumwuliza mkurugenzi wake kwa kusema, mbona tangazo halipo kwenye tovuti?

Ila yaliyomo ndani ya tovuti za umma nchini mara nyingi ni viambatisho, na viambatisho vina historia yao ya lebo. Office 2007 ilipoleta faili za .docx, seva nyingi hazikuijua aina hiyo mpya, wala si ajabu, maana lebo yake ni application/vnd.openxmlformats-officedocument.wordprocessingml.document, jina refu kuliko barua nyingine. Internet Explorer ilichoma bambo, ikakuta kwamba ndani yake .docx ni faili iliyofungashwa kwa zip, ikaipakua kwa jina la .zip. Mwombaji wa kazi aliyekuwa kafe alifungua akakuta makabrasha ya XML, akadhani fomu imeharibika. PDF ilikuja kuwa kimbilio, hasa baada ya Chrome kuanza kuisoma yenyewe mwaka 2010 na Firefox mwaka 2013. Lakini PDF ya karatasi iliyochapwa, ikagongwa muhuri, kisha ikaskaniwa, ni picha tu. Haitafutiki, haikuzwi bila kusogezwa huku na huku kwenye kioo kidogo, na Opera Mini haiwezi kuipunguza uzito.

Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Vivinjari vinavyobaki vinafuata kanuni moja kuliko wakati mwingine wowote, hata namna ya kuchungulia faili isiyo na lebo imeandikwa na kukubaliwa. Sehemu iliyobaki iko upande wa seva, na upande wa seva ni wetu. Maofisa TEHAMA wa Rukwa, tangazo la mbegu za ruzuku au la nafasi za kazi likiwa ni maandishi, liwekeni kama maandishi: text/html; charset=utf-8, na nosniff chini yake. Karatasi yenye muhuri ibaki kwenye jalada, au iwekwe kama kiungo cha pili kwa anayeihitaji. Fungueni ukurasa huo kwanza kwa simu ya bei ndogo yenye Opera Mini, mkiwa mmeshuka bondeni Kwela ambako mtandao ni hafifu, kabla ya kuufungua kwa kompyuta ya ofisini.